Sikio Kwanza, Kalamu Baadaye: Kusomesha Nyumbani kwa Njia ya Klasiki Katika Nyumba ya Kiswahili

Mzazi anayeamua kusomesha watoto nyumbani kwa njia ya klasiki mara nyingi huanza kwa kununua: mtaala wa Kilatini, seti ya vitabu vya historia, kadi za kukariri, daftari la kila somo. Mzigo unafika, mtoto wa miaka saba anakalishwa mezani, na wiki chache baadaye nyumba nzima imechoka. Vitabu vyenyewe kwa kawaida ni vizuri. Tatizo ni kwamba mtoto ametwishwa kalamu kabla ya wakati wake. Njia hii hujengwa kwa sikio na ulimi miaka kadhaa kabla ya kuandika, na familia inayozungumza Kiswahili ina kila sababu ya kuijenga hivyo, kwa sababu tahajia ya lugha yetu, tenzi zetu na methali zetu zinabeba sehemu kubwa ya kazi.

Asili yake kwa ufupi. Mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa hotuba Oxford akitetea mpango wa masomo wa Ulaya ya zama za kati: sarufi, mantiki, na balagha, yaani ufasaha wa kusema na kuandika. Aliona hatua hizo tatu zinaendana na makuzi ya mtoto. Mdogo hupenda kukariri, wa makamo hupenda kubishana, kijana hutaka kujieleza. Wamarekani wakauchukua mpango huo, na kitabu cha Jessie Wise na bintiye Susan Wise Bauer cha mwaka 1999 kikaugeuza ratiba ya nyumbani: darasa la 1 hadi la 4 sarufi, la 5 hadi la 8 mantiki, la 9 hadi la 12 balagha. Kuna pia Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu wa Ambleside, Uingereza. Wapo wanaosema yeye si wa klasiki kamili, lakini mbinu zake za miaka ya mwanzo hazijapata mshindani, na mengi ya yanayofuata hapa ni yake.

Nusu saa ya jioni

Ukilazimika kuacha yote ubaki na kitu kimoja, baki na kusoma kwa sauti kila jioni. Ukurasa wa riwaya ya kawaida husomeka kwa dakika 2 hadi 3. Dakika 30 ni kurasa 10 hivi, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 kinaisha ndani ya wiki tatu bila kukimbizana. Toa siku za wageni, homa na safari, bado mwaka utakupa vitabu 12 hadi 15 ambavyo familia nzima imevisikia pamoja na inaweza kuvizungumza mezani.

Chagua kitabu ambacho mtoto asingeweza kukisoma mwenyewe kwa mwaka mmoja au miwili ijayo, lakini akisomewa anakifuata. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watoto wanaokulia Marekani au Ulaya. Kiswahili wanachosikia nyumbani ni cha amri na mahitaji: njoo, kula, vaa viatu, zima hiyo. Hawakutani na ijapokuwa, laiti, hali kadhalika, angalisema, asingalikwenda. Kitabu ndicho kinacholeta maneno hayo, tena kwa sauti ya mtu anayempenda.

Mikono ya watoto iwe na kazi. Wachore, wasuke, wapange matofali ya kuchezea. Mtoto aliyelazimishwa kukaa kimya mikono mitupu hutumia nguvu zake zote kukaa kimya, na hadithi inampita. Kabla ya kuanza eleza maneno mawili au matatu tu ambayo bila hayo sura haieleweki, kisha usisimame tena. Kusimama kila mstari kufafanua huua kitabu kizuri haraka kuliko ugumu wa kitabu chenyewe. Acha pale panapowasha hamu, hata kama sura haijaisha. Wadogo wasomewe kwanza kitabu chao cha picha kwa dakika tano, halafu wakilala mapajani mwako wakati wakubwa wanasikiliza, si neno. Na simu, pamoja na ya msomaji, zikae chumba kingine.

Utajuaje kuwa kitabu kimewazidi? Baada ya jioni tatu waulize: nani anataka nini, na nani anamzuia? Wasipoweza kujibu, kirudishe kabatini na mchukue kingine. Baada ya mwaka kitarudi na kitasomeka.

Upungufu upo, na ni vizuri kuujua mapema. Vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo vinapatikana: Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa kazi hiyo hasa, wachapishaji wa Dar es Salaam kama Mkuki na Nyota wanaendelea kutoa, na mkusanyiko wa African Storybook kwenye intaneti una hadithi za Kiswahili za bure zenye leseni huria ambazo unaweza kuzichapa nyumbani. Pengo lipo kati ya miaka 9 na 13, umri unaotaka hadithi ndefu za kurasa 150 na kuendelea. Hapo mzazi hana budi kutafsiri papo kwa papo: ameshika kitabu cha Kiingereza, mdomoni kinatoka Kiswahili. Inawezekana, kwa masharti mawili. Sura uisome peke yako mchana, na usitarajie zaidi ya kurasa sita kwa nusu saa. Anayejaribu bila kuisoma kabla hukwama kwenye majina ya mimea, vyombo na vyeo, na watoto hulala.

Kusimulia upya

Hii ndiyo mitihani ya miaka ya mwanzo, na haina karatasi. Mzazi anasoma kifungu mara moja tu. Mtoto anakisimulia kwa maneno yake. Kwa miaka 6 kifungu ni aya moja au mbili, kwa 7 na 8 ukurasa mmoja, kwa 9 na 10 sura nzima fupi. Ubaoni andika majina matatu au manne yatakayotajwa, ili asikwame kwenye jina wakati kisa chenyewe anakijua. Akianza kusimulia, nyamaza. Usimrekebishe, usimkumbushe, usitikise kichwa. Akimaliza, ndugu zake wanaweza kuongeza alichosahau, nawe unaweza kuuliza swali moja.

Sharti la kusoma mara moja ndilo linalowashinda wazazi wengi. Mtoto akijua utarudia, hasikilizi mara ya kwanza. Kuwa na moyo mgumu hapo. Akisema sijui, punguza kifungu siku inayofuata hadi aya moja, hata sentensi tatu, lakini usirudie. Akirudisha maneno ya kitabu neno kwa neno kama kasuku, kifungu ni kifupi mno kwake. Kirefushe mpaka kumbukumbu ya maneno ishindwe na akili ilazimike kupanga. Akisimulia kwa sentensi moja kisha akanyamaza, mara nyingi kitabu ni kikavu: orodha ya mambo isiyo na watu wala tukio. Hakuna wa kusimulia tarehe tupu.

Watoto wakiwa wengi, aanze mdogo. Mkubwa akitangulia, mdogo hubaki na la kusema, naam, kama alivyosema kaka. Kuandika simulizi kunaanza karibu na miaka 10, mara moja kwa wiki, halafu mara mbili, na huku masimulizi ya mdomo yakiendelea siku nyingine zote. Mtoto aliyesimulia kwa mdomo kwa miaka minne hana shida ya kupata cha kuandika. Shida yake ni mkono tu, na mkono hujifunza haraka.

Kusoma: anzia Kiswahili

Hata kama mnaishi Texas na mtoto atafanya mitihani yake yote kwa Kiingereza, mfundishe kusoma kwa Kiswahili kwanza. Irabu zetu tano zina sauti tano, na herufi hazibadilishi mawazo njiani. Anza na a, e, i, o, u kwa sauti, kisha m, b, k, l, t, s pamoja na kila irabu, na tangu siku ya kwanza jenga maneno ya kweli: mama, kaka, taa, mate, kitabu. Ndipo zije d, n, p, z na nyingine, halafu sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, ny, th, dh, gh, na mwisho miungano kama mw, kw, mb, nd, nj. Dakika 15 kwa siku zinatosha.

Mambo matatu huharibika hapa. La kwanza ni kuimba silabi: mtoto anatamka ki-ta-bu vizuri sana bila kujua amesoma kitabu. Mwambie aseme silabi kimya moyoni na neno zima kwa sauti, na baada ya sentensi afunge kitabu aseme kulikuwa na nini. La pili ni ng na ng'. Ziweke wiki tofauti, na maneno ya kugusika: ngoma na ngazi wiki hii, ng'ombe na ng'ambo wiki ijayo. La tatu ni m na n zinazosimama peke yake. Mtu ni silabi mbili, m-tu. Nchi ni n-chi. Mbwa ni m-bwa, lakini mbuzi ni mbu-zi. Piga makofi mkitamka. Msilifanyie haraka hili, maana ndilo litakalorudi mtakapohesabu mizani ya utenzi.

Kiingereza kianze mtoto akishasoma Kiswahili bila kukwama, na kianze kama kitu kipya chenye kanuni zake. Atasoma cat kama kati, akiongeza irabu mwishoni, kwa sababu Kiswahili hakimjui mwisho wa konsonanti. Tumia wiki nzima za maneno ya herufi tatu kabla ya lolote jingine. Tayari anajua siri kubwa, kwamba alama kwenye karatasi ni sauti. Kilichobaki ni tabia mbaya za tahajia ya Kiingereza, na hizo zinahitaji subira ya mwaka mmoja au miwili zaidi.

Kunakili na imla

Kunakili ni kuhamisha sentensi nzuri kutoka kitabuni hadi daftarini kwa mwandiko safi. Miaka 6: mstari mmoja, dakika tano. Miaka 8: mistari mitatu au minne, dakika kumi. Saa ikifika, acha, hata katikati ya neno. Mistari sita safi kwa wiki ni bora kuliko ukurasa uliochafuliwa kwa machozi. Mfundishe kulitazama neno, kufumba macho, kuliona, kisha kuliandika bila kuangalia. Anayenakili herufi moja moja anachora tu.

Imla huanza miaka 9 hivi na hutayarishwa. Mtoto anapewa aya, anaisoma, anachagua maneno anayoyaona magumu na kuyatazama hadi ayaone akifumba macho. Kisha mzazi anasoma kipande kwa kipande, mara moja kila kipande. Akikosea neno, lifunike palepale kwa kipande cha karatasi chenye gundi, jicho lisipate nafasi ya kulizoea kosa. Mason alisisitiza hili, na alikuwa sahihi: kosa lililotazamwa kwa dakika kumi hushindana na neno sahihi miezi mingi.

Wengi hudhani imla ya Kiswahili ni rahisi kwa kuwa tunaandika tunavyotamka. Sikiliza kwanza nyumbani kwako mnatamkaje. Panapochanganywa l na r, dh na z, th na s, gh na g, au panapomezwa h, imla itaonyesha yote. Ili na hili, adhabu na azabu, ndiyo na ndio. Kisha kuna kutenganisha maneno: kwa sababu na kwa hiyo ni maneno mawili, ilhali nayo na wala ni moja.

Kukariri, na sanduku la vitenganishi 41

Waliopitia chuo au madrasa hawahitaji kushawishiwa kwamba mtoto anaweza kubeba kichwani kurasa nyingi. Kinachokosekana nyumba nyingi ni utaratibu wa kurudia. Familia za Marekani zina sanduku la kadi ambalo ni rahisi kulitengeneza: kitenganishi kimoja cha kila siku, kimoja cha tarehe witiri na kimoja cha tarehe shufwa, saba vya siku za wiki, na 31 vya tarehe za mwezi. Jumla 41. Ubeti mpya unakaa kwenye kila siku. Ukijulikana unahamia witiri au shufwa, kisha siku ya wiki, na mwisho tarehe ya mwezi, ambako utakaririwa mara moja kwa mwezi kwa miaka. Kila asubuhi mnakariri kadi nne tu: ya kila siku, ya witiri au shufwa, ya siku hiyo ya wiki, ya tarehe hiyo. Dakika saba. Sanduku huharibika pale mzazi anapohamisha kadi haraka mno ili kuonyesha maendeleo. Kadi ihame pale tu mtoto atakapoikariri bila msaada siku tano mfululizo.

Utenzi umeumbwa kwa kazi hii. Ubeti una vipande vinne vya mizani 8, yaani silabi 8, vitatu vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi ubeti hadi ubeti mpaka mwisho. Mtoto akisahau, kina humshika mkono. Mpe kwanza ahesabu mizani kwa vidole, na hapo zile m na n zinazosimama peke yake zitajidai. Baadaye mpe shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane za nusu ya kwanza (ukwapi) na nane za nusu ya pili (utao). Kwa mtoto wa miaka 12 na kuendelea, beti za Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 zinafaa, mkiwa tayari kuzungumzia ushauri anaopewa binti na jinsi dunia ilivyobadilika. Ni Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa hiyo andika pembeni: nti ni nchi, mato ni macho, ndoo ni njoo. Mtoto akiona kanuni, kwamba ch ya Kiunguja mara nyingi ni t huko Lamu, ameanza isimu bila kuambiwa.

Sarufi, na swali la Kilatini

Mitaala ya Marekani huanza Kilatini karibu na darasa la 3 au la 4, na sababu wanayotoa ni nzuri: mtoto anaona kwamba kipande kidogo cha neno kinabeba maana. Kiswahili humpa hilo bure. Chukua nitakapomsomea, ulikate: ni-taka-po-m-som-e-a. Nafsi, wakati ujao unaokutana na kirejeshi, kirejeshi cha wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea, kiishio. Fanyeni kitenzi kimoja kwa siku ubaoni, dakika kumi, darasa la 3 hadi la 5. Kisha abadilishe kipande kimoja tu na aseme maana imegeuka vipi: nilipomsomea, nitakapomsomesha, nisipomsomea. Ongeza ngeli na upatanisho, kiima na kiarifu, na atakapofika Kilatini nusu ya vita imeisha.

Nusu nyingine ni uhusika wa nomino, ambao sisi hatuna. Mtoto amemwona simba na simba amemwona mtoto hutofautishwa na mpangilio tu. Katika Kilatini puella nautam amat na nautam amat puella ni jambo lile lile, msichana anampenda baharia, kwa sababu ile -m imeshasema nani anapendwa. Hili huwashangaza watoto na hufaa kufundishwa kwa miaka 10 au 11. Familia nyingine huchagua Kiarabu badala yake, na kwa Waislamu wa pwani naona ni chaguo lenye mizizi zaidi: kina i'rabu yake, miisho ya maneno inayofanya kazi kama ile -m, kinafungua Kurani, na kinaeleza maelfu ya maneno ya Kiswahili. Kisichofaa ni kuanza zote mbili mwaka mmoja.

Methali moja, hatua nane

Hapa ndipo njia ya klasiki inaponivutia zaidi. Mwishoni mwa karne ya 4 mwalimu Aphthonius wa Antiokia aliacha mazoezi 14 ya kuandika, kuanzia hekaya na simulizi hadi kutetea au kupinga sheria. Zoezi la nne ni kupanua methali kwa hatua nane: sifa ya msemaji, kueleza kwa maneno mengine, sababu, kinyume, mlinganisho, kisa, ushahidi, hitimisho.  Methali sisi tunazo mlangoni.

Chukua Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sifa: wahenga waliosema hivi waliishi kwa kupwa na kujaa, kwa hiyo wanastahili kusikilizwa. Maelezo: anayehangaika hupata kitoweo. Sababu: maji yakipwa huacha kaa, pweza na chaza wazi, lakini kwa saa chache tu, na wanaopata ni waliokuwapo. Kinyume: aliyesubiri nyumbani hadi jua lipande hukuta bahari imejaa, na wali wake anaula na chumvi. Mlinganisho: vivyo hivyo mkulima anayepita shambani kila asubuhi huona magugu yakiwa madogo. Kisa: Wangari Maathai alianza mwaka 1977 na vitalu vidogo vya miche pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ushahidi: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hitimisho: sentensi mbili.

Hatua moja kwa siku, aya ya sentensi tatu hadi sita, kisha siku mbili za kuunganisha na kusahihisha. Ni wiki mbili za masomo kwa mtoto wa miaka 11 hadi 13. Makosa ni yale yale kila mara. Kinyume huandikwa kwa kutia si mbele ya kila kitenzi. Dai atoe mtu mwingine anayefanya kinyume na yaliyompata. Mlinganisho na kisa huchanganywa. Mlinganisho ni wa jambo linalotokea kila siku, kisa ni cha mtu mmoja mwenye jina na wakati. Na ushahidi hupingana na methali: mtoto ataleta Subira huvuta heri kwa sababu inasikika vizuri, kumbe inamsifu anayengoja. Muulize, je, mtu anayeipinga methali yako angeweza kuitumia kauli hii? Ikiwa ndiyo, atafute nyingine.

Kosa hilo la mwisho ndilo mlango wa mazoezi mawili yanayofuata, kukanusha na kuthibitisha. Weka mezani Haraka haraka haina baraka na Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto mmoja atetee hii, mwingine ile, wiki ijayo wabadilishane. Mantiki ya vitabuni, yenye dhana kuu, dhana ndogo na hitimisho, inaweza kuanza hapo. Watakuwa wameshaihitaji.

Historia inayozunguka mara tatu

Mpango wa kawaida ni mzunguko wa miaka minne: kale, zama za kati, mwanzo wa zama mpya, zama mpya. Ukirudiwa mara tatu unajaza miaka 12, kila mara kwa kina zaidi. Mitaala iliyoandikwa Marekani huipitia Afrika Mashariki kwa mistari michache, kwa hiyo jaza mwenyewe. Bandika ukutani ukanda wa karatasi wenye sentimita 10 kwa kila karne. Miaka 5,000 inataka mita 5, na korido inatosha. Katika mwaka wa kale weka Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1. Zama za kati, Ibn Battuta akifika Kilwa mwaka 1331. Mwaka wa tatu, Vasco da Gama mwaka 1498, Ngome ya Yesu kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1593 na kuanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Wa nne, Maji Maji 1905 hadi 1907 na uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Kila mtoto aandike alama zake mwenyewe. Ukanda ulionunuliwa ukiwa umeshajazwa hakuna anayeutazama.

Vijana wa hatua ya balagha husoma Shakespeare, na hapa tuna hazina. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Gawaneni wahusika, someni onyesho kwa Kiswahili kwanza kwa sauti, kisha onyesho lile lile kwa Kiingereza. Baadaye kijana achukue hotuba moja ya mistari kumi, aitafsiri mwenyewe kabla ya kuangalia alichofanya Nyerere, na aeleze kwa maandishi walipotofautiana na kwa nini.

Hesabu sijaigusa kwa sababu haihitaji falsafa: kila siku, kitabu kimoja mpaka kiishe, dakika 20 kwa mdogo na 45 kwa mkubwa, asubuhi kabla ya akili kuchoka.

Sheria na kumbukumbu

Kabla ya kumtoa mtoto shuleni soma sheria ya mahali ulipo. Marekani kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini masharti yanapishana sana. Texas haidai taarifa. New York hudai mpango wa mwaka, ripoti nne na tathmini ya mwisho wa mwaka. Pennsylvania hudai hati ya kiapo, jalada la kazi na mkaguzi, na siku 180 za masomo au idadi ya saa iliyowekwa. Uingereza, kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi kumpatia mtoto elimu kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine. Mtoto aliyeandikishwa shule kwa kawaida unamwondoa kwa barua. Ujerumani hairuhusu, kwa hiyo familia za huko zifanye haya jioni na wikendi. Tanzania na Kenya, anza na ofisi ya elimu ya wilaya au kaunti yako, upate majibu kwa maandishi, na ujue mapema njia ya mitihani. Tanzania, kijana asiyepita sekondari ya kawaida hufanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, ndipo afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Popote mlipo, tunza jalada moja kwa kila mtoto kwa kila mwaka. Kila muhula weka simulizi mbili zilizoandikwa, na kwa mdogo ambaye haandiki mwandikie wewe neno kwa neno anavyosema, ukurasa mmoja wa kunakili wa mwanzo wa muhula na mmoja wa mwisho, imla moja, kurasa mbili za hesabu, na orodha ya vitabu vilivyosomwa kwa sauti, kila kimoja na tarehe ya kuanza na kumaliza. Orodha hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati na ijazwe siku kitabu kinapoisha. Ikiachwa hadi mwisho wa mwaka, nusu ya vitabu itakuwa imesahaulika, na mkaguzi huanza kuuliza hapo hapo.